Daktari Atazamaye Jicho na Mpiga Ramli

Mwalimu mmoja wa mtaa wa mbali ametuandikia barua yenye swali, nalo ni hili. Sisi Wakristo tumekatazwa kwenda kwa mpiga ramli, ambaye huchora mchangani au hutupa vijiti, kisha hutangaza habari za mambo yaliyofichwa. Basi daktari akimulika jicho la mgonjwa kwa taa ndogo, akasema kwamba ndani ya fuvu la kichwa chake msongo umezidi, hali hakulifungua fuvu wala hakuona kitu cha ndani yake, je, hiyo nayo si ramli ya namna nyingine? Na kama siyo, tofauti yao ni nini? Mwalimu huyu hafanyi mzaha. Watu wa mtaa wake walimwuliza hivyo walipokuwa wakishauriana kumpeleka mgonjwa hospitali, naye alikosa la kuwajibu.

Swali hili limetuchoma kuliko alivyodhani mwenye kuliuliza. Kwa maana sisi wenyewe tulikwisha kuulizwa neno hilo hilo miaka kadha wa kadha iliyopita, tukalijibu, tena tukalijibu vibaya, na gharama ya jibu letu hakuilipa mwingine ila mgonjwa.

Ilikuwa hivi. Jioni moja walifika nyumbani kwetu wazee watatu wa ukoo mmoja wa usharika wetu, pamoja na mke wa kijana aliyekuwa mgonjwa. Huyo kijana alikuwa ameumwa kichwa muda wa majuma matatu, na maumivu yalizidi alfajiri. Alitapika pasipo kula kitu kibaya. Na siku za mwisho alisema kwamba aona watu wawili mahali aliposimama mmoja. Daktari alimtazama macho yote mawili kwa taa yake muda mrefu, kisha akasema kwamba ndani ya kichwa mna msongo mkubwa, na kwamba sharti apelekwe upesi kwenye hospitali kubwa, apigwe picha ya kichwa, na baada ya hayo atolewe maji mgongoni kwa sindano. Wazee waliiogopa sindano hiyo, kwa kuwa walimjua mtu aliyechomwa akafa. Baba yake mkubwa akatuuliza, "Baba Mchungaji, mtu atazamaye jicho aujuaje ubongo? Je, huyu naye habahatishi?"

Nasi, hali hatujui lolote la jambo hilo, tuliona haya kusema kwamba hatujui. Tukawajibu ya kuwa ishara ya nje ni ishara tu, na ya kwamba Mungu peke yake ndiye ayaonaye ya ndani. Tukawakumbusha habari za Samweli nyumbani mwa Yese, jinsi nabii mwenyewe alivyodanganyika kwa kutazama kimo na sura. Tukawashauri wangoje kidogo, wamwombee, waone hali yake itakavyokuwa. Wakangoja siku nne.

Siku ya tano kijana alitetemeka mwili mzima na kupotewa na fahamu. Ndipo wakamchukua. Huko hospitali kubwa ilionekana kwamba ana ugonjwa wa utando wa ubongo uletwao na kuvu. Akatolewa maji mgongoni, si mara moja bali siku baada ya siku, akapewa dawa, akapona. Lakini nuru ya macho yake haikurudi. Kama angalipelekwa jioni ile ile, je, angaliona leo? Daktari alipoulizwa hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Na sisi hatukuthubutu kumwuliza mara ya pili.

Tangu hapo tumewauliza madaktari mara nyingi, tena tumesoma kadiri tulivyoweza, ili tujue huyo atazamaye jicho aliujuaje ubongo. Na kwanza ni lazima tueleze kidogo jinsi kichwa kilivyo, maana pasipo hayo swali la mwalimu haliwezi kujibiwa.

Fuvu la mtu mzima ni kama chungu kilichozibwa pande zote. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, damu ipitayo mishipani, na maji maangavu yauzungukayo ubongo na kushuka katika uti wa mgongo. Maji hayo hupata kadiri ya mililita 150, walakini mwili hufanya yapata nusu lita kila siku, na ya zamani hunywewa na damu ili mapya yapate nafasi. Alexander Monro wa Edinburgh alieleza mwaka wa 1783, na George Kellie wa Leith akamwunga mkono mwaka wa 1824, ya kwamba kwa kuwa mfupa hautanuki, kitu kimoja cha ndani kikizidi, sharti kingine kipungue. Uvimbe ukiota, au damu ikivuja, au njia ya maji ikizibwa, hapo kwanza maji na damu husogea kando na kuachia nafasi, na mgonjwa huenda asione neno. Nafasi ikiisha, msongo hupanda kwa haraka. Nao hupimwa kwa milimita za zebaki, kama upimwavyo msongo wa damu mkononi. Mtu mzima aliyelala kwa raha huwa na 7 hata 15. Ukipita 20 na kukaa huko, madaktari huhesabu kwamba ni hatari, kwa kuwa damu huanza kushindwa kupanda kichwani, na ubongo husukumwa chini kuelekea tundu la fuvu lililo juu ya shingo, mahali penye nguvu za kuvuta pumzi.

Sasa tuje kwenye jicho. Mshipa wa fahamu uendao jichoni haufanani na mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Huo ni kama tawi la ubongo wenyewe lililotoka nje kutazama. Nao umevikwa ala, na ndani ya ala hiyo mna maji yale yale yauzungukayo ubongo. Basi maji yakisongwa kichwani, husongwa na katika ala, na mahali pale mshipa unapoingia nyuma ya jicho huvimba, na mpaka wake uliokuwa wazi kama ukingo wa sahani hufifia. Uvimbe huo ukikaa siku nyingi, mshipa hufa, na mtu hupofuka. Hivyo ndivyo alivyopofuka kijana wetu.

Zamani hakuna aliyeweza kupaona mahali hapo kwa mtu aliye hai. Mboni ya jicho huonekana nyeusi, si kwa sababu ndani hamna mwangaza, bali kwa sababu mwangaza hurudi kwa njia ile ile ulioingia, na mtazamaji akitaka kusimama katika njia hiyo kichwa chake chauziba. Hermann von Helmholtz, mwalimu wa chuo kikuu cha Königsberg, ndiye aliyekitengeneza mwaka wa 1850 chombo cha vioo kilichoupeleka mwangaza ndani ya jicho na kumpa mtazamaji nafasi ya kutazama kwa njia iyo hiyo. Baada ya miaka kumi, mwaka wa 1860, Albrecht von Graefe wa Berlin akaandika habari za uvimbe ule wa nyuma ya jicho kwa watu wenye magonjwa ya ubongo. Taa ndogo aliyoitumia daktari wetu ni mjukuu wa chombo kile.

Hapa ndipo tunapoweza kumjibu mwalimu. Kati ya kijiti cha mpiga ramli na homa ya mtoto hakuna njia. Kijiti hakikugusana na mtoto, wala homa yake haikukisukuma kijiti kianguke huku au huku. Bali kati ya msongo wa kichwani na uvimbe wa jichoni iko njia, tena njia ya maji, iwezayo kuonyeshwa kwa mkono. Jambo la pili ni hili, nasi twaliona kuwa kubwa kuliko la kwanza: mpiga ramli hakiri kamwe kwamba amekosa. Mtoto akifa, atasema kwamba sadaka haikutosha, au kwamba mjomba alificha neno. Lakini maneno ya madaktari juu ya jicho yalilinganishwa na yale yaliyoonekana vichwa vilipofunguliwa, na palipokuwa na kosa, kosa likaandikwa lisomwe na watu wote. Daktari wa kweli atakuambia mwenyewe ishara yake inadanganya wapi. Na ishara ya jicho yadanganya, hatuwezi kuficha. Uvimbe ule huchukua saa nyingi, pengine siku, kabla ya kuonekana. Basi mtu aliyeumia kichwa leo asubuhi aweza kuwa katika hatari kuu jioni, hali jicho lake ni safi. Yaani, jicho likionyesha uvimbe, habari hiyo ina uzito mwingi. Lisipoonyesha, mgonjwa hajawa salama kwa sababu hiyo tu.

Tulipoelewa hayo tuliona haya kwa ajili ya mahubiri yetu ya jioni ile. Habari za Samweli hazikuandikwa ili watu waache kutazama. Zimwonya mtu anayetazama mara moja na kuhukumu, na hata Samweli aliendelea kuwatazama wana wa Yese mmoja mmoja, akauliza kama yuko mwingine aliyesalia.

Tena si madaktari peke yao wajuao kuyapima ya kichwani pasipo kufungua. Mama zetu walijua zamani. Mtoto mchanga ana utosi ulio laini, na mama huupapasa kila siku amwogeshapo. Utosi ukibonyea, husema kwamba mtoto amekaukiwa na maji. Ukijaa na kukaza hali mtoto ametulia wala halii, mama huhofu. Utosi wa mbele hufungika kwa kawaida kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa kumi na nane, na kabla ya hapo mifupa ya fuvu bado haijashikana. Kwa hiyo mtoto mwenye maji yaliyozuiwa kichwani, kichwa chake hukua kupita kiasi, na macho yake hulekea chini hata weupe waonekana juu ya mboni. Utepe wa fundi cherehani watosha kukipima kichwa hicho. Mtoto azaliwapo huwa na mzunguko wa kichwa wa sentimita 35 au karibu na hapo, na katika miezi mitatu ya kwanza huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi. Ukiongezeka mno kuliko hivyo, si neno la kungojea. Huko Mbale, nchi ya Uganda, iko hospitali ya watoto ambamo Benjamin Warf, daktari wa Marekani, aliwatibu watoto wengi wa namna hiyo, na mwaka wa 2005 alitoa habari za njia ya kuyafungulia maji mapito mapya ndani ya ubongo wenyewe, pasipo kumwekea mtoto mrija wa kudumu. Wengi wa watoto hao waliugua kwa sababu ya maambukizo ya mwanzo wa maisha yao. Walioletwa mapema na walioletwa wakiwa wamekwisha kudhurika ubongo hawakuwa na tumaini moja.

Ziko na ishara nyingine, nasi tutazitaja kwa upesi. Harvey Cushing wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1901 na 1902 ya kuwa msongo wa kichwani ukizidi sana, msongo wa damu mwilini nao hupanda, na mapigo ya moyo huwa polepole. Lakini ishara hiyo huja kwa kuchelewa, kama mlinzi apigaye kelele mwizi akiwa mlangoni akitoka. Mboni moja kupanuka kuliko ya pili ni vivyo hivyo. Mwaka wa 1971 ilianza huko London mashine ya kupiga picha za kichwa tabaka kwa tabaka, ambayo watu huiita siti skani. Mwaka wa 1982 Rune Aaslid na wenzake walionyesha jinsi ya kusikiliza mwendo wa damu ndani ya ubongo kwa mawimbi ya sauti yapitayo mfupa mwembamba wa panja. Na tangu miaka ya 1990 madaktari huweka mashine ya altrasaundi juu ya kope lililofumbwa, wakaipima ile ala ya mshipa wa jicho milimita 3 nyuma ya jicho; ikipita milimita 5 au 6 kwa upana, huingiwa na shaka. Mipaka yenyewe haikupatana katika kila hospitali. Hakuna hata kimoja katika vyombo hivyo kilichokwisha kutoa hesabu ya msongo kwa uhakika ule ule wa kipimo kilichotiwa ndani.

Kwa maana kipimo cha ndani kiko. Nils Lundberg wa mji wa Lund, nchi ya Uswidi, alitoa kitabu mwaka wa 1960 kuwaeleza wenzake jinsi alivyotoboa fuvu, akaingiza mrija mwembamba hata kwenye vyumba vya maji vya ubongo, akauandika msongo saa baada ya saa. Huyo hakubahatisha, alikuwa na hesabu mbele ya macho yake. Lakini kutoboa ni kujeruhi. Damu yaweza kuvuja, na vijidudu vyaweza kuingia mahali ambapo Mungu aliweka mfupa ili visiingie. Nayo sindano ya mgongoni, ambayo Heinrich Quincke wa Kiel aliianza mwaka wa 1891, si kitu cha kudharauliwa. Katika ugonjwa wa kuvu ndiyo yenyewe iokoayo. Maji yakipanda katika kipimo cha kioo kupita sentimita 25, hutolewa hata yashuke. Bali katika mtu mwenye uvimbe mkubwa ubongoni, kuyatoa maji kwa chini kwaweza kuuvuta ubongo ushuke katika lile tundu, na mgonjwa akafa. Kwa hiyo wale wazee walioiogopa sindano hawakuwa wajinga kabisa. Waliijua hatari moja, wala hawakujua kwamba daktari naye aijua, na ya kuwa kwa sababu hiyo hiyo alitaka picha kwanza. Kama tungaliwapeleka warudi kwake wakamwulize, angaliwaeleza.

Basi hapa pana swali gumu kuliko la ramli. Iwapo kujua kwa hakika kwahitaji kujeruhi, na kujua pasipo kujeruhi huacha shaka, daktari aliye mwaminifu achague lipi? Wengine wetu, hasa tuliosoma kidogo, twapenda kusema kwamba hakika ni bora siku zote. Tomaso naye alitaka hivyo. Hakutosheka kuambiwa, alitaka kutia kidole katika jeraha. Bwana hakumfukuza kwa ajili ya neno hilo, bali alimpa ruhusa. Lakini katika Injili hatusomi kwamba Tomaso alitia kidole. Alipoona, ilimtosha. Hatutaki kuivuta habari hiyo kupita kiasi chake, ila imetusaidia kufahamu ya kwamba mtu aweza kudai jeraha kwa ajili ya hakika yake mwenyewe, na si kwa ajili ya mwenye mwili.

Tena swali hili limekwisha kujaribiwa kwa watu. Mwaka wa 2012 zilitolewa habari za kazi iliyofanywa katika hospitali za Bolivia na Ekwado kwa wagonjwa 324 walioumia ubongo vibaya. Katika hospitali nyingi za nchi zile kipimo cha ndani hakikuwa desturi. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: wengine walitiwa kipimo ndani ya fuvu, wakatibiwa kwa kuifuata hesabu yake, wengine walitibiwa kwa picha na kwa kutazamwa na kupimwa kwa nje. Huenda msomaji akachukizwa kusikia kura katika jambo la uhai. Sisi nasi tulichukizwa kwanza. Lakini hakuna aliyejua njia ipi ni bora, na pasipo kura kila hospitali ingaliendelea kwa mazoea yake, na kosa la mazoea halina mtu wa kulihesabu. Baada ya miezi sita, katika wale waliotiwa kipimo walikuwa wamekufa 39 kwa mia. Katika wale wengine, 41 kwa mia. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema kwamba upande mmoja ulishinda.

Mtu asiseme kwa haraka kwamba kipimo hakina faida. Habari hizo zina neno la pili, ambalo wengi hulipita. Wale wasiokuwa na hesabu walipewa dawa za kushusha msongo na matibabu ya namna hiyo kwa siku nyingi zaidi kuliko wenzao. Na yaeleweka. Asiyejua hakika huogopa, na aogopaye huongeza dawa. Kwa hiyo kutokujua kwa daktari hakukaa bure. Kulilipwa, na aliyelipa ni mgonjwa, kwa kunywesha mishipa yake dawa zaidi. Hivyo kila njia ina bei yake. Ya kutoboa hulipwa mara moja, kwa jeraha. Ya kutazama kwa nje hulipwa kidogo kidogo, nayo yamtaka mtazamaji alipe naye sehemu yake, kwa usingizi wake. Katika kazi ile wagonjwa hawakuachwa baada ya kutazamwa mara moja. Walikuwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, wakapimwa tena na tena kwa saa zilizoamriwa. Kutazama kwa nje kuliweza kukaribiana na kipimo cha ndani kwa sababu kulirudiwa usiku na mchana. Hospitali isiyo na mashine wala watu wa kukesha haiwezi kujitetea kwa hesabu zile.

Sisi twaona kwamba hiyo ndiyo haki ya mgonjwa asiyefunguliwa: atazamwe tena. Jicho lililokuwa safi asubuhi litazamwe jioni. Utepe uliozungushwa kichwani pa mtoto leo uzungushwe juma lijalo, na hesabu iandikwe, maana hesabu moja peke yake haineni neno. Dr. Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ametufundisha ya kuwa amri ya tano haituzuii tu tusimdhuru jirani katika mwili wake, bali yatuagiza tumsaidie katika kila haja ya mwili. Tulipokuwa seminari tuliikariri sehemu hiyo vizuri sana. Jioni ile hatukumdhuru kijana kwa mkono, na kwa siku nyingi tulijifariji hivyo.

Labda mtu atauliza: Na kama daktari aweza kujua, lakini hawezi kuponya, yafaa nini kujua? Huko Blantyre, nchi ya Malawi, madaktari waliwatazama watoto 168 waliozimia kwa malaria ya ubongo, wakawapiga picha kwa mashine ya sumaku, na habari zao zilitolewa mwaka wa 2015. Watoto 25 walikufa, na katika hao 21 walikuwa wameonekana tangu walipofika kwamba ubongo wao umevimba sana. Katika 143 waliopona, walioonekana na uvimbe huo walikuwa 39. Picha yenyewe haikumponya mtoto hata mmoja, wala wakati ule haikuwako dawa iliyothibitishwa ya uvimbe huo. Lakini kabla ya hapo watu walibishana kwa miaka mingi ni kitu gani hasa kiwauacho watoto hawa, hali vijidudu vya malaria vimekwisha kupigwa kwa dawa. Sasa wajua wapige wapi. Na tazama hesabu hiyo kwa upande wa pili: watoto 39 walikuwa na ishara mbaya kabisa, wakapona. Mchungaji aitwaye usiku kitandani pa mtoto wa namna hii asije akasema kwamba yamekwisha, kwa sababu picha imesema.

Turudi kwa waalimu wetu, ambao ndio huitwa kabla ya daktari. Mtu akiumwa kichwa siku nyingi, na maumivu yakizidi alfajiri au akiinama, akitapika pasipo sababu ya tumbo, akiona vitu viwili viwili, au akilemewa na usingizi usio wa kawaida, msikae naye nyumbani, wala msimwombee kwa namna ya kumchelewesha, ombeni njiani. Aliyezimia alazwe kwa ubavu, asijisonge kwa matapishi. Na akihitaji kuchukuliwa, kichwa chake kiinuliwe kidogo kuliko mwili, isipokuwa aliyeanguka au kugongwa, ambaye shingo yake yaweza kuwa imevunjika, huyo asikunjwe. Jamaa wakiogopa sindano, mwalimu asiwacheke, wala asijifanye daktari. Awapeleke kwa daktari wamwulize: Umeona nini katika jicho? Je, ishara hii yaweza kudanganya? Kwa nini wataka picha kabla ya sindano? Daktari mwema hachukii kuulizwa hayo. Mpiga ramli ndiye achukiaye.

Kijana yule huja kanisani kila Jumapili akishikwa mkono na binti yake, ambaye wakati ule alikuwa bado kubebwa mgongoni. Tulimwendea mwaka wa pili baada ya kupona kwake, tukamwambia wazi tuliyowaambia wazee jioni ile, maana hakuyajua. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama tulikuwa tumekwisha kujua sasa jinsi daktari alivyoona. Tukamweleza habari za ala na maji, naye akataka tuieleze mara ya pili, polepole, akashika kope lake kwa kidole alipokuwa akisikiliza. Juu ya sisi hakusema neno, wala hatukumdai neno.

Katika mkutano wa waalimu wa mitaa utakaofuata, mwuguzi wa zahanati atakuja na tepe za kupimia, naye atatuonyesha jinsi ya kuzungusha utepe juu ya nyusi na nyuma ya kichwa mahali palipotokeza kuliko pote, na jinsi ya kuandika hesabu katika kadi ya mtoto. Kina mama wenye watoto wachanga wanaombwa waje nao, watoto wakiwa wameshiba, wasije wakalia.